Salamu ni ulimi, mkono ni nyongeza

Ndugu msomaji, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Umeisoma salamu yangu, na kama wewe ni Muislamu bila shaka umeshaijibu, ama kwa sauti ama moyoni mwako. Mimi niko Kisongo, pembezoni mwa jiji la Arusha. Wewe uko huko uliko. Sijakushika mkono wala hujanishika. Je, salamu yangu imepungua kitu? Hilo ndilo swali la makala haya. Lakini kabla sijalijibu kwa dalili, naomba univumilie nieleze kosa langu mwenyewe, kwa sababu somo hili nilifundishwa na kosa hilo kabla sijalifundisha wengine.

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati ule, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa corona hapa nchini. Mgonjwa huyo alikuwa ameingia siku moja kabla kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji, na alikuwa hapa hapa Arusha. Siku iliyofuata ikatangazwa kuwa shule zifungwe. Nyumba za ibada ziliachwa wazi. Kwa hiyo Ijumaa ya wiki ile tulikuja msikitini kama kawaida, ila kila mmoja wetu na hofu yake.

Baada ya swala alinijia mzee mmoja, ambaye msikitini kwetu wengi humwita Babu. Ni Mwarusha aliyesilimu ujanani, na maisha yake yote amefanya biashara ya ng'ombe katika minada ya huku kwetu. Akanyoosha mkono huku akisema, "Assalaam alaykum, Mwalimu." Mimi nikaruka nyuma, mikono nikaificha mfukoni, nikasema kwa sauti, "Hapana Babu, corona hiyo!" Vijana waliokuwa karibu wakacheka. Mkono wa mzee ukabaki hewani. Akaurudisha taratibu, akasema, "Kumbe siku hizi tumekuwa najisi." Akachukua viatu vyake, akaondoka.

Ijumaa mbili zikapita sikumuona. Ya tatu niliambiwa anaswali msikiti mwingine, wa mbali zaidi, na anakwenda kwa miguu. Ndipo nilipoingiwa na fedheha. Nikamfuata nyumbani. Nikasimama nje ya uzio, nikapiga hodi, akaitikia karibu. Nikatoa salamu kamili, kisha nikasema, "Shikamoo, Babu." Akasema, "Marahaba." Akanyamaza kwa muda, halafu akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo: "Mkono ulininyima, sawa, kuna maradhi. Lakini mimi nilikutolea salamu. Salamu yangu uliijibu?"

Sikuwa na jibu. Nimemaliza chuo kikuu, nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, na mzee ambaye hakukaa darasani amenikamata katika jambo la wazi kabisa. Katika kukwepa mkono, ambao ni sunna, niliacha kujibu salamu, ambayo ni wajibu.

Wajibu uko wapi?

Ndugu msomaji, hebu tutazame mpangilio wa mambo. Katika Suratun-Nisaa (4:86) Allah (s.w.) anatuamrisha kwamba tunapoamkiwa, turudishe maamkio yaliyo bora zaidi au angalau yanayolingana nayo. Kutokana na aya hii wanazuoni wamesema kuanza salamu ni sunna, na kuijibu ni wajibu. Ikitolewa kwa mtu mmoja, wajibu ni wake peke yake. Ikitolewa kwa kundi, mmoja akijibu wengine husalimika.

Aya inazungumzia maamkio na jibu lake. Hapakutajwa kiganja hapo. Kupeana mikono, yaani musafaha, kuna mahali pake na fadhila zake. Anas (r.a.) aliulizwa kama masahaba walikuwa wakipeana mikono, akajibu kuwa ndivyo (Bukhari). Na imepokelewa kuwa Waislamu wawili wanapokutana wakapeana mikono, husamehewa kabla hawajaachana (Abu Daud na Tirmidhi). Kwa hiyo asije mtu akasema kuwa mwalimu wa Kisongo anapiga vita musafaha. La hasha! Ninachosema ni kwamba musafaha ni pambo la salamu, na salamu yenyewe inasimama hata bila ya pambo hilo.

Dalili ya hilo ni hadithi ya Imran bin Husein (r.a.). Mtu mmoja alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akatoa salamu fupi, akajibiwa, na Mtume akasema kumi. Akaja wa pili akaongeza rehema, ikawa ishirini. Akaja wa tatu akaongeza baraka, ikawa thelathini (Abu Daud na Tirmidhi). Hesabu hii ya thawabu imepanda kwa kuongezwa maneno. Anayetaka salamu yake iwe nzito, basi na aikamilishe kwa ulimi.

Sasa tujiulize kwa uaminifu. Ni mara ngapi tunapeana mikono mibichi kwa nguvu, huku midomo ikisema "Vipi" au "Mambo"? Wengi wetu tumeushika mkono, na salamu tumeiacha.

Mtume (s.a.w.) aliacha mkono

Wapo watakaosema kuwa kuacha kupeana mikono kwa kuogopa maradhi ni udhaifu wa imani. Hawa tuwarudishe kwenye mwenendo wa Bwana Mtume mwenyewe.

Katika Sahihi Muslim imepokelewa kuwa katika ujumbe wa kabila la Thaqif uliokuja Madina alikuwamo mtu mwenye ukoma. Watu walikuwa wakitoa bay'a, yaani kiapo cha utii, kwa kuweka mkono katika mkono wa Mtume. Mtume alimpelekea ujumbe mtu yule kwamba bay'a yake imeshapokelewa, na anaweza kurudi. Tazama adabu iliyomo humo. Mgonjwa hakupewa mkono, lakini hakunyimwa neno. Hakuachwa akisubiri mlangoni, wala hakuchekwa. Alipata kile kile walichopata wenzake, kwa njia ambayo haimdhuru mtu.

Na wanawake walipotoa bay'a, Bibi Aisha (r.a.) anatueleza kuwa mkono wa Mtume haukugusa mkono wa mwanamke asiye maharimu wake. Alichukua bay'a zao kwa maneno (Bukhari na Muslim). Kumbe sisi Waislamu tuna uzoefu wa karne kumi na nne wa kusalimiana kwa heshima bila kugusana. Mwanamke wa Kiislamu katika ofisi au sokoni anapomsalimia mwanamume kwa kuweka mkono wake kifuani, hafanyi jambo geni.

Je, si kukimbia qadar?

Swali hili nimeulizwa na wanafunzi mara nyingi, hasa kwa sababu ipo hadithi inayosema kuwa hakuna kuambukizana. Wanaoitaja huishia katikati. Katika mapokezi ya Bukhari, maneno hayo yamefuatiwa na amri ya kumkimbia mwenye ukoma kama mtu anavyomkimbia simba. Wanazuoni wameyaunganisha hivi: maradhi hayana nguvu yake yenyewe ya kuhama bila idhini ya Allah, kinyume na walivyoamini watu wa zama za ujahilia. Lakini Allah ameweka sababu, na tumeamrishwa kujihadhari nazo. Ndiyo maana Mtume akakataza pia mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima (Bukhari na Muslim).

Hadithi hii ya ngamia nilimsomea Babu siku ile, nikiwa nimesimama hatua kadhaa kutoka alipokaa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema, "Hiyo sisi tunaijua tangu watoto. Nyumbu wakizaa, hatupeleki ng'ombe malisho yale mpaka wakati wake upite. Ng'ombe akipata ugonjwa wa nyumbu haponi. Sasa utasema tunawachukia nyumbu?"

Na huo ni ukweli unaojulikana na madaktari wa mifugo pia. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye lakini huua ng'ombe. Wafugaji wa Kimasai waliwaepusha ng'ombe wao na malisho ya nyumbu waliozaa kabla maabara hazijakieleza kisa chake. Waliweka umbali bila ya chuki. Ni elimu ya aina ile ile.

Sayyidna Umar (r.a.) naye alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh akapata habari kuwa tauni imezuka mbele. Alishauriana na watu kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allah. Umar akamjibu kuwa anatoka katika qadar moja kwenda katika nyingine. Akampigia mfano wa kichungaji: mtu mwenye ngamia ameteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine ni kavu. Popote atakapolisha atakuwa katika qadar ya Allah, lakini mwenye akili atachagua wapi? Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.) akawafahamisha hadithi ya Mtume kuwa mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikizuka mlipo msitoke kuikimbia. Umar akamshukuru Allah.

Kwa nini tuzungumze leo?

Pengine utasema, Mwalimu, corona imepita, ya nini kufukua makaburi? Ndugu yangu, hesabu nami. Tarehe 21 Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, mara ya kwanza katika nchi yetu. Hadi unatangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka ule, ulikuwa umepata watu tisa, ukaua sita. Januari 2024 macho mekundu yalienea Dar es Salaam na mikoa mingine. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo, na watu wote kumi waliohesabiwa kuwa wagonjwa walifariki. Machi 2025 ikatangazwa kuwa homa ya nyani, yaani mpox, imeingia nchini. Sisemi kipindupindu, ambacho ni mgeni asiyepiga hodi.

Maradhi haya hayaenezwi kwa njia moja. Corona husafiri zaidi kwa hewa tunayopumua, kwa hiyo kuacha mkono peke yake hakutoshi. Panahitajika madirisha wazi na kuziba mdomo mtu anapokohoa. Mtume (s.a.w.) alipopiga chafya alikuwa akifunika uso kwa mkono au nguo (Abu Daud na Tirmidhi). Lakini Marburg hupita katika majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, mpox hupita kwa kugusana ngozi, macho mekundu hubebwa na vidole, na kipindupindu hutoka chooni kikafika kinywani kwa maji, chakula na mikono isiyooshwa. Mkono umo katika karibu orodha yote. Mtu hujigusa jicho, pua na mdomo mara nyingi bila kujua.

Na sisi wa Arusha tuko njia panda. Barabara ya Namanga inatuunganisha na Nairobi, mabasi ya Babati na Dodoma yanapita mbele ya nyumba zetu hapa Kisongo, na ndege za watalii zinatua jirani yetu. Kinachoanza mbali hakichelewi kufika kwetu.

Shikamoo inatufundisha

Siku ile Babu aliniuliza jambo jingine. Wakati ule zilikuwa zimesambaa picha za marehemu Rais John Magufuli na marehemu Maalim Seif Sharif Hamad wakisalimiana kwa kugusanisha miguu, Ikulu ya Dar es Salaam, tarehe 3 Machi 2020. Vijana wakaidaka. Kila kona mtu ananyoosha mguu. Babu akasema, "Wale ni wakubwa kwa wakubwa, wanaelewana. Wewe utamnyooshea babu yako mguu?"

Ni kweli. Huwezi kumletea mtu wa kwetu salamu inayofanana na teke ukamwambia ndiyo afya. Dawa lazima ipatane na adabu za watu. Na adabu hizo tunazo tayari, hatuna haja ya kuazima.

Chukua neno shikamoo. Asili yake, kama inavyoelezwa na wengi, ni kusema nashika miguu yako. Nani leo anainama kushika miguu ya mzee wake kila asubuhi? Karibu hakuna. Kitendo kimeondoka, neno limebaki, na heshima haikupungua hata chembe. Mtoto akipita kimya mbele ya mzee, tunasema hana adabu. Akisema shikamoo akiwa upande wa pili wa barabara, mzee anaitikia marahaba na moyo wake unatulia. Wahenga wetu walikwisha kuligeuza gusa kuwa neno, kabla ya corona na Marburg.

Hapa Kisongo mtoto wa Kimasai au wa Kiarusha huinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini. Lakini watu wazima wakipishana njiani na ng'ombe wao, utasikia "Sopai" na "Ipa", wakaulizana habari za watoto, mifugo na mvua, bila mmoja kumfikia mwenzake. Ukienda pwani utamuona mtu akitoa salamu na kiganja chake cha kulia kikiwa kifuani.

Najua wapo ndugu zetu wasioipenda shikamoo kwa kuona inachukua nafasi ya salamu ya Kiislamu. Kwao nasema, tuanze na Assalaam alaykum, kisha shikamoo ifuate kama heshima ya umri. Na mkono kifuani nao tusiufanye ibada mpya. Ni ada njema tu, inayomwambia mwenzako kuwa sikukunyima mkono kwa kukudharau.

Tufanye nini?

Kutokana na kosa langu na yaliyofuata, hivi ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu, hasa yanapotangazwa maradhi:

Kwanza, tanguliza ulimi. Toa salamu kamili ukiwa bado mbali, kwa sauti na uso mkunjufu, mkono wa kulia ukiwa kifuani. Ukiwahi kufanya hivyo, mwenzako hatanyoosha wake.

Pili, akikunyooshea mkono bila kujua, usimruke kama nilivyofanya mimi. Jibu salamu yake kwanza, yote. Kisha mwombe radhi kwa upole umweleze. Na kama mikono imeshakutana, basi imekutana. Usijiguse uso, kaoshe kwa maji na sabuni.

Tatu, wewe unayejijua una mafua, macho mekundu, kuharisha au vipele, ndiye wa kwanza kuzuia mkono wako. Mtume ametufundisha kutodhuru wala kudhuriana (Ibn Majah). Watu wengi wazima huogopa mkono wa mgonjwa, lakini ni wagonjwa wachache wanaouzuia wa kwao.

Nne, maimamu na kamati za misikiti watangaze mapema, kabla ya swala, kwamba kwa kipindi hiki tutasalimiana kwa ulimi. Tangazo la imamu linamwondolea kila mmoja aibu. Na pawepo maji na sabuni mlangoni. Udhu ni tohara, lakini sabuni ina kazi yake.

Tano, misibani. Mkono wa pole ndio mgumu kuuacha kuliko yote. Tuzidishe dua kwa marehemu na maneno ya taazia kwa wafiwa. Panaposhukiwa Marburg na mfano wake, suala la kuosha maiti lisifanywe kwa mazoea. Wataalamu wa afya na masheikh waongoze.

Sita, maradhi yakiondoka, musafaha urudi. Ni sunna yetu, na hatukuiacha kwa kuichukia.

Namalizia na Babu. Siku ile tuliongea mpaka jua likapinda, yeye kwenye kigoda chake, mimi nimesimama upande wangu wa ua. Nilipoaga, nilisema nisamehe. Akaweka kiganja kifuani, akasema, "Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh, Mwalimu. Hiyo ni ile ya Ijumaa, sasa na wewe nijibu ya kwangu." Nikaijibu, ikiwa imechelewa wiki tatu.

Ijumaa iliyofuata alirudi msikitini kwetu, akakaa mahali pake pa siku zote. Hatukupeana mikono kwa miezi mingi baada ya hapo, na hakuna siku aliyoniona najisi wala mimi kumuona yeye hivyo.

Ndugu msomaji, maradhi mengine yatakuja, Allah atuepushe nayo. Yatakapokuja, yasitukute tukichagua baina ya afya za wazee wetu na nyoyo zao. Tunaweza kuvilinda vyote viwili kwa ulimi ulio sahihi. Kama hukuijibu salamu niliyoanza nayo hapo juu, basi bado hujachelewa.

Wabillahi tawfiq.